Alice Seeley Harris, mwanamke aliyepigania haki ya Wakongo kwa picha

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, picha ya baba au babu akiwa na nguo za kazi ya mgodi ingali ukutani. Picha hiyo inashuhudia kwamba mtu huyo aliishi, alitumika, na alikuwa na jina. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, mwanamke mmoja Mwingereza alitumia ushahidi wa namna hiyo kumtetea Mkongo mbele ya dunia.

Alice Seeley alizaliwa mwaka wa 1870 Malmesbury, Uingereza. Mwaka wa 1898 aliolewa na John Harris, na siku chache baadaye wote wawili walipanda meli kuja Kongo kama wamisionari. Wakati huo inchi yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Alice alifundisha watoto, na alikuwa na kamera ya Kodak.

Huko Baringa, upande wa Ikweta, kampuni ya ABIR ililazimisha vijiji kuleta mpira wa porini. Kijiji kisipotimiza kipimo, walinzi wenye bunduki walifunga wanawake, walipiga watu na kuua.

Mwezi wa tano mwaka wa 1904, Nsala, mtu wa kijiji cha Wala, alifika misioni akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi hao. Alice alimwomba Nsala aketi barazani, akampiga picha akitazama mabaki ya mtoto wake.

Picha hiyo haikuonyesha vita wala umati wa watu. Ilionyesha baba mmoja na msiba wake, na jina lake lilijulikana. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuikanusha. Mwandishi Edmund Morel, aliyeanzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo mwaka huohuo, alichapisha picha za Alice. Mwaka wa 1905 Mark Twain naye alizitumia katika kijitabu chake juu ya Léopold.

Alice na mume wake walirudi Uingereza, kisha wakazunguka huko na Marekani. Kanisani na katika majumba ya mikutano, walionyesha picha hizo kwa taa juu ya kitambaa cheupe. Watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Kongo walimwona Nsala uso kwa uso, wakaanza kuandikia serikali zao. Tume ambayo Léopold mwenyewe alilazimika kuituma ilithibitisha maovu hayo. Mwaka wa 1908 aliondolewa, na Kongo ikawa koloni la Ubelgiji.

Lakini Wakongo wenyewe hawakuulizwa. Union Minière ilikuwa imekwisha anzishwa mwaka wa 1906, Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikajengwa mwaka wa 1910, na vijana wakaandikwa kwa wingi kwenda migodini Katanga. Picha iliangusha utawala mmoja. Kazi ya shuruti ilibaki chini ya utawala mwingine. Tena picha ya Nsala ilizunguka dunia nzima, lakini yeye mwenyewe hakupanda jukwaa hata moja kuieleza.

Alice aliendelea kupinga utumwa, akafariki mwaka wa 1970 akiwa na miaka 100.

Leo Wakongo wanashika kamera wenyewe. Mwaka wa 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliweka picha za zamani za wafanyakazi juu ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Sura za wazee wetu zinarudi kuuliza nani alifaidika na jasho lao. Safari hii anayechagua picha na kuieleza ni mtoto wa mji uleule.