Mama Kevin: mwalimu aliyekutwa na wagonjwa

Huku kwetu Tarime na Serengeti, kijana akisema anataka kusomea uuguzi, nyumbani huulizwa kama ajira zipo. Parokiani huulizwa kama ana wito. Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yanadhani kwamba mtu huanza safari akiwa na sababu yake tayari mkononi. Mtumishi wa Mungu Mama Kevin, aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu, hakuanza hivyo.

Alizaliwa Arklow, Ireland, mwaka 1875, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama naye alifariki Teresa akiwa na miaka 10, akalelewa na bibi. Alitaka kuwa mwalimu. Ada ya chuo ikakosekana, akafundisha kama mwalimu msaidizi tu. Mwaka 1895 alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akaomba kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi. Wakubwa wake wakamtuma Uganda. Alifika Nsambya, Kampala, Januari 1903, pamoja na masista wengine watano.

Wagonjwa walimkuta hapo. Hospitali haikuwepo, kwa hiyo masista walianza kutibu watu chini ya mwembe, wakijifunza kazi kwa kuifanya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walihudumia wapagazi Waafrika wa jeshi la Waingereza, na mwaka 1918 serikali ikamtunuku nishani.

Kilichomuuma zaidi ni akina mama na watoto waliokufa wakati wa kujifungua. Hapa ndipo ninapomheshimu kuliko penginepo. Utaratibu wa Kanisa wa wakati ule haukuwaruhusu watawa kufanya ukunga. Roma ilifungua mlango huo mwaka 1936. Mama Kevin hakuvunja utaratibu, wala hakuufanya kisingizio cha kukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akisaidiana na daktari mlei, Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga kwa ajili ya mabinti wa Uganda. Kazi ambayo mikono yake ilizuiwa kuifanya, aliikabidhi kwa wenyeji, nao wakaijua kwa lugha ya wagonjwa wenyewe. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Vituo vya wakoma vya Nyenga na Buluba vilifuata miaka ya 1930.

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kwamba lengo hutangulia katika nia na kuja mwisho katika utendaji. Kwa mwanamke huyu naona lengo likimjia njiani, likiwa na sura ya mgonjwa. Ndiyo maana simcheki binti wa Mugumu au Sirari anayeingia chuo cha uuguzi akiwaza mshahara. Zamu ya usiku wodini bado haijazungumza naye.

Mama Kevin alifariki Boston mwaka 1957, akiwa na miaka 82, baada ya kutumwa huko na kuendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya misheni za Afrika. Waganda waliomba mwili wake urudishwe. Amezikwa Nkokonjeru.