Rumaliza na Nguzo za Uislamu



Utasikia ikisemwa kwamba dini yetu hapa Uvira ni dini ya Rumaliza. Basi mfahamu mtu huyo. Aliitwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi. Miaka ya 1880 alikaa Ujiji, akashirikiana na Tippu Tip. Watu wake walifika kaskazini ya ziwa wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwami Mwezi Gisabo wa Burundi alimzuia. Januari 1894 askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walimshinda, akakimbilia upande wa Wajerumani.

Nguvu zake zilikwisha, shahada ikabaki. Kwa nini? Kwa sababu Uislamu si kumtii tajiri mwenye bunduki. Ni kujisalimisha kwa Allah peke yake. Nguzo zake ni tano: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani, na hija kwa mwenye uwezo. Kuuza watu si nguzo.

Basi ukiulizwa, usimtetee Rumaliza. Zaka yako imfikie maskini, na katika safu simama bega kwa bega na yule unayemdharau. Hilo ndilo jibu.

Allah atuongoze. Amin.