Daktari Lucille Teasdale wa Lacor: Mganga Aliyeambukizwa Akiokoa Wengine



Likizo iliyopita tulikuwa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, mafrateri watatu tukisaidia utume parokiani. Jumamosi moja jioni, tukitoka mazoezi ya kwaya, bodaboda iligongana na gari kwenye barabara kuu iendayo Same. Tulikimbia, tukambeba kijana aliyeumia, damu ikatutiririkia mpaka kwenye viwiko. Tulipomfikisha zahanati, muuguzi wa zamu alimhudumia kwanza, kisha akatugeukia na swali ambalo hatukulitegemea: ni nani kati yetu ana kidonda mkononi? Mwenzetu mmoja alikuwa amejikata na panga asubuhi ile akifyeka majani. Muuguzi akampeleka bombani, akamwagiza anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua kidonda, kisha aende hospitali usiku uleule apimwe na kupewa dawa kinga.

Mwenzetu alimeza dawa hizo siku 28. Leo ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini zilikuwa siku ndefu. Ndipo padre mlezi wetu alipotusimulia habari za mama mmoja daktari ambaye damu ya wagonjwa wake ilimwingia mwilini wakati ambapo hapakuwa na dawa kinga, wala mtu aliyejua kwamba inahitajika. Tumeona vema tuwashirikishe maisha yake.

Binti wa Montreal

Lucille Teasdale alizaliwa tarehe 30 Januari 1929 mjini Montreal, Kanada, katika familia ya Kikatoliki yenye watoto saba. Akiwa na miaka kama 12, masista wamisionari waliokuwa wamefanya utume China walifika shuleni kwake wakaeleza kazi yao. Toka siku hiyo akaazimia kuwa daktari. Alihitimu Chuo Kikuu cha Montreal mwaka 1955, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kusomea upasuaji katika jimbo la Quebec. Haikuwa njia nyepesi. Aliomba nafasi katika hospitali za Marekani akakataliwa, kwa kuwa siku zile wengi hawakuamini kwamba mwanamke anaweza kushika kisu cha upasuaji. Akavuka bahari kwenda Ufaransa kuendelea na mafunzo.

Kabla ya hapo, katika hospitali ya watoto mjini Montreal, alikuwa amefahamiana na daktari kijana kutoka Italia, Piero Corti. Piero alikuwa akitafuta mahali pa kuwahudumia maskini, akapachagua Lacor, karibu na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hapo wamisionari Wakomboni walikuwa wamefungua hospitali ndogo mwaka 1959. Alimwomba Lucille aje miezi michache tu, aanzishe upasuaji. Mshahara hakuwa nao. Alichoweza kumwahidi ni nauli ya ndege na sigara zake.

Miezi michache iliyogeuka miaka 35

Lucille alifika Lacor mwaka 1961. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo yeye na Piero walifunga ndoa katika kikanisa cha hospitali, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Dominique, ambaye naye baadaye alikuwa daktari.

Wakagawana kazi. Piero alihangaika na majengo, fedha, umeme na dawa, mama akabaki na wagonjwa. Asubuhi aliwaona wagonjwa wa nje, foleni ikiwa imejaa uani, na mchana aliingia chumba cha upasuaji. Katika maisha yake alifanya operesheni zaidi ya 13,000. Hospitali ndogo ikakua mwaka hadi mwaka, ikapata chuo cha uuguzi, ikaanza kupokea madaktari vijana wa Uganda kwa mafunzo. Nia ya wanandoa hawa ilikuwa moja: siku moja hospitali iendeshwe na wenyeji wenyewe.

Damu ya majeruhi

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa wanaikumbuka Vita ya Kagera. Kampala ilipoanguka mwezi Aprili 1979, askari wa Idi Amin walirudi nyuma kuelekea kaskazini, na vita vikaifikia Gulu. Baada ya hapo amani haikukaa. Vikaja vita vingine. Majeruhi wakaletwa Lacor kwa makumi, na daktari wa upasuaji alikuwa Lucille.

Tuliposoma habari hizi ndipo tulipoelewa jinsi mganga anavyojeruhiwa na jeraha la mwingine. Risasi ikigonga mfupa huuvunja vipande vyenye ncha kali kama vigae. Daktari hutia vidole ndani ya kidonda kuvitafuta, mara nyingi bila kuviona kwa sababu ya damu. Glovu hutoboka, kidole hukatwa, na kazi haiwezi kusimama kwa kuwa mgonjwa yuko mezani na wengine wanangoja mlangoni. Lucille alijikata hivyo mara nyingi.

Ugonjwa wa UKIMWI haukuwa na jina wakati huo. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kipimo cha damu kilianza kupatikana mwaka 1985. Mwaka huo wa 1985 Lucille alipimwa, akakutwa na virusi. Waliomfahamu waliamini kwamba aliambukizwa katika chumba cha upasuaji, akiwahudumia majeruhi wa vita. Alidhaniwa kuwa amebakiwa na miaka kama miwili.

Aliishi 11. Hakuondoka Lacor akakae kungoja kifo. Aliendelea kuwahudumia wagonjwa kadiri nguvu zilivyomruhusu, akikonda mwaka hadi mwaka, na vita vikiendelea nje ya ukuta wa hospitali. Alifariki dunia tarehe 1 Agosti 1996 nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulirudishwa Lacor ukazikwa uani mwa hospitali.

Mwanafunzi aliyelala kando yake

Maisha ya Lucille hayakamiliki bila kumtaja Daktari Matthew Lukwiya, Mwacholi wa Kitgum, aliyefika Lacor mwaka 1983 kama daktari kijana na akaja kuwa mganga mkuu. Hakuwa Mkatoliki, lakini Lacor palikuwa kwao. Mwaka 1989 waasi walipokuja usiku kuwateka wauguzi, alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akakaa porini siku kadhaa kabla ya kuachiwa.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni alipoitwa: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi, akapekua majalada na vitabu, akatambua kuwa ni ebola. Akatenga wodi, akafundisha namna ya kuvaa glovu, barakoa, gauni na miwani. Wafanyakazi walipoanza kufa na wenzao kutishika, alikaa nao akawatia moyo. Mlipuko ule uliwapata watu 425 nchini Uganda, na 224 kati yao wakafa. Lacor ilipoteza wahudumu 13, na Matthew alikuwa mmoja wao. Inasadikiwa kwamba usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu, akavaa kila kitu isipokuwa miwani. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Amezikwa kando ya Lucille, na mwaka 2003 Piero naye akalazwa hapohapo.

Funzo kwetu

Katika falsafa tunafundishwa na Aristotle kwamba ushujaa uko katikati ya woga na ujinga wa kujitosa bila kufikiri. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anaiweka busara kuwa kiongozi wa fadhila nyingine. Tuliposoma hayo darasani tuliona ni maneno ya mtihani. Siku ile pale zahanati tuliyaelewa. Tulikuwa tumempenda yule kijana majeruhi, na tulifanya vizuri kumbeba, lakini hata mfuko wa nailoni wa kujifunga mkononi hatukuutafuta.

Ni rahisi kumsifu Lucille kwa sababu aliumia. Tunadhani hilo halimtendei haki. Yeye hakuchezea maisha yake. Hakujua kilichomo ndani ya damu ile, kwa kuwa hakuna aliyejua. Sisi tunajua. Tunajua kwamba sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ikimchoma muuguzi, hatari ya kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000, na kwamba dawa kinga ikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, hatari hiyo hupungua sana. Tunajua kwamba homa ya ini aina ya B huambukiza kwa wepesi zaidi, na chanjo yake ipo. Kwa hiyo mhudumu akiambukizwa leo kwa kukosa glovu, kwa sindano iliyotupwa ovyo badala ya kuwekwa kwenye boksi lake, au kwa kuona haya kusema kwamba amejichoma, hatuwezi kuuita huo msalaba wake na kunyamaza. Sehemu ya lawama ni yetu.

Tena wanaohusika si madaktari peke yao. Yumo mama anayefagia wodi, yumo anayefua mashuka, yumo kijana anayechoma taka. Wamo pia akina mama wa WAWATA wanaowaogesha wagonjwa nyumbani kwa mikono mitupu kwa sababu ya upendo. Tusiwakataze kupenda. Tuwaombee Daktari Lucille, Daktari Matthew na wahudumu wote waliokufa kwa kugusa damu ya wengine. Na jumuiya zetu zinapokwenda kuwatembelea wagonjwa na sukari na sabuni, tuongeze na boksi moja la glovu.