Sungura Aliyempotea Disney

Kila niwazapo maisha ya Walt Disney, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1901, hujiuliza: ingekuwaje lau asingempoteza sungura wake? Mwaka wa 1928 alitambua kwamba Oswald, mhusika wa katuni zake, kimkataba alikuwa mali ya kampuni ya Universal. Lau angebaki naye, naamini panya Mickey hangezaliwa mwaka huohuo. Tangu hapo Disney alishikilia umiliki wa kazi zake. Bustani yake ya burudani, Disneyland, ilifunguliwa mwaka wa 1955 kwa msaada wa fedha za televisheni ya ABC. Alifariki mwaka wa 1966. Miaka 30 baadaye, kampuni yake ikainunua ABC yenyewe. Nasi walimu tuwakumbushe wanafunzi wenye vipaji: mali bila daftari hupotea bila habari.