Botvinnik, Mtu Aliyemsoma Mpinzani Wake

Hapa chuoni tuna tabia ya kuwagawa watu mafungu mawili. Kuna wenye vichwa, na kuna wale wa kukomaa. Mwenye kichwa akipata A tunasema kazaliwa nayo; wa kukomaa akipata A hiyohiyo tunasema kadesa. Mimi ni wa fungu la pili, sifichi, na labda ndiyo maana katika mabingwa wote wa sataranji nampenda Mikhail Botvinnik, ambaye mashabiki wengi wa mchezo huo humwona mkavu, mtu asiye na mbwembwe.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Kuokkala, karibu na St Petersburg, akajifunza sataranji akiwa na miaka 12. Kwa mchezo ambao wengine huanza kabla hata ya kujua kusoma, huko ni kuchelewa. Lakini mwaka 1925 bingwa wa dunia wa wakati huo, José Raúl Capablanca wa Kuba, alipita Leningrad akacheza na watu wengi kwa mpigo, na huyo kijana wa miaka 14 akamfunga. Tena sataranji haikuwa kazi yake pekee. Alikuwa mhandisi wa umeme, na udaktari wake aliupata mwaka 1951 akiwa tayari bingwa wa dunia. Sisi boom likichelewa wiki moja tu, hata maktaba hatuingii.

Kilichomtofautisha ni namna alivyojiandaa. Kabla ya shindano alikusanya michezo ya mpinzani na kuisoma kama vile sisi tunavyosoma pepa za miaka iliyopita, ila yeye hakuwa anatafuta swali litakalorudi. Alitaka kumjua mtunga swali. Huyu anapenda kuanza vipi? Akibanwa anafanya nini? Kete zikibaki chache anakuwa mtulivu au anapaparika? Halafu alijaribu aliyoyagundua katika michezo ya siri ya mazoezi. Inasimuliwa kwamba kwa kuwa moshi wa sigara ulimsumbua, alimwomba mwenzake wa mazoezi, Ragozin, avute huku wanacheza ili yeye auzoee. Na michezo yake mwenyewe aliichambua kwa maandishi na kuichapisha, makosa yakiwemo, ili wengine wamkosoe hadharani. Hapo ndipo mimi nilipovutiwa zaidi. Kumchunguza mwenzako ni rahisi, hata majungu ya bwenini ni uchunguzi wa aina yake. Kujichunguza mwenyewe mbele ya watu ni kazi nyingine kabisa.

Wanaocheza drafti pale kijiweni wataelewa haraka mchezo wake maarufu kuliko yote, dhidi ya Capablanca yuleyule, huko Uholanzi mwaka 1938. Capablanca alipeleka farasi wake mbali upande wa kushoto wa ubao, kisha malkia wake akamla askari mmoja kulekule. Botvinnik alimwacha ale. Wakati mwenzake anashughulika pembeni, yeye alikuwa anasogeza askari wake wa katikati, hatua moja, tena nyingine, hadi mmoja akasimama ndani kabisa ya eneo la adui. Kwa kuhesabu kete, Botvinnik alikuwa nyuma. Kwa kuangalia zilipokaa, alikuwa mbele sana, kwa sababu yule farasi aliyekwenda mbali hakuweza kurudi kusaidia. Ndipo akatoa askofu bure ili kumvuta malkia aliyekuwa akimzuia yule askari, akatoa na farasi juu yake, na askari akapata njia. Watu hukumbuka hizo kete mbili alizozitoa sadaka. Mimi naona zilikuwa malipo tu ya kazi iliyokwisha kufanyika pole pole, hatua kumi na kitu nyuma.

Mwaka 1948 akawa bingwa wa dunia, pointi tatu mbele ya aliyemfuata. Mwaka 1957 Vasily Smyslov akamvua taji. Kanuni za wakati huo zilimpa bingwa aliyeshindwa haki ya marudiano, na mwaka 1958 Botvinnik alirudi na ufunguzi uitwao Caro-Kann, ambao Smyslov hakuutarajia, akashinda michezo mitatu ya mwanzo mfululizo. Taji likarudi.

Halafu akaja Mikhail Tal, kijana wa Latvia mwenye miaka 23. Tal alikuwa kichwa hasa, wa fungu la kwanza. Alitoa kete sadaka huku na huko, ubao ukawaka moto, na katikati ya vurugu hiyo yeye ndiye aliyeona njia. Mwaka 1960 alimchapa Botvinnik kwa 12½ kwa 8½. Hakuna aliyeshangaa sana. Mzee kaondoka, zama mpya zimeingia, hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Botvinnik angeweza kukaa nyumbani na udaktari wake. Badala yake alidai marudiano, akaketi na ile michezo 21 aliyofungwa nayo. Jibu alilolipata halikuwa la kumzidi Tal kwa kasi ya kupiga hesabu, maana hilo lisingewezekana. Aliona kwamba Tal ni hatari pale kete zinapokuwa na nafasi ya kuruka, na hatishi vile pale ubao unapofungwa, au malkia wote wawili wanapoondolewa mapema na kazi ikabaki kusukuma askari kwa subira. Basi mwaka 1961, mjini Moscow, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 50, alimpeleka Tal kwenye michezo ya namna hiyo mara kwa mara. Akashinda michezo kumi, akafungwa mitano, sare sita.

Wapo wanaosema Tal alikuwa anaumwa figo, na ni kweli alikuwa mgonjwa. Wapo pia wanaosema haki ya marudiano ilimbeba Botvinnik, na hapo nakubaliana nao kiasi, kwa kuwa wapinzani wengine hawakupata mlango kama huo wa kurudia. Lakini mlango ukifunguliwa bado mtu anapaswa kuingia na kitu mkononi. Mwaka 1963 haki hiyo ilikuwa imefutwa, Tigran Petrosian akamshinda, na safari hii hakukuwa na kurudi.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, sehemu ya mwisho ya maisha yake ndiyo tamu. Alifundisha watoto. Katika shule yake hakuwamezesha mbinu. Aliwapa kazi ya kwenda nyumbani kuchambua michezo yao wenyewe kwa maandishi na kurudi kuitetea mbele yake. Walipita hapo Anatoly Karpov, Garry Kasparov na Vladimir Kramnik, na wote watatu baadaye wakawa mabingwa wa dunia. Botvinnik alifariki mwaka 1995, akiwa ameshawaona wawili wa kwanza wakilivaa taji. Na inasimuliwa kwamba Karpov alipofika kwake akiwa mtoto mwembamba, mwalimu huyu aliyesoma wapinzani kwa miaka 40 alimtazama akacheza, akaona kwamba huyu hatafika popote.