Sushruta, Mganga wa Kashi, na Maradhi ya Utamu

Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona inafaa kumtaja mtu ambaye jina lake huheshimiwa popote tiba ya Ayurveda inapofundishwa. Huyu ni Sushruta, mganga na mpasuaji wa India ya kale. Wengi humweka yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Wako wataalamu wamwekao karne kadhaa baadaye.

Mapokeo yasema alikuwa mwana wa Vishvamitra. Pamoja na vijana wenzake alikwenda Kashi, ambayo leo ni Varanasi, kando ya mto Ganga, kusoma kwa mfalme Divodasa. Mfalme huyo aliaminiwa kuwa ni Dhanvantari, mganga wa miungu, aliyeshuka duniani. Ndiye tumwombaye afya siku ya Dhanteras. Wenzake walimchagua Sushruta awe mwulizaji kwa niaba yao. Mafunzo hayo yamehifadhiwa katika Sushruta Samhita, kitabu cha sura 186 ambacho wengine walikiongeza baadaye, na ambacho zama za makhalifa wa Baghdad kilifasiriwa kwa Kiarabu.

Dunia humsifu zaidi kwa upasuaji. Alifundisha kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu, na wanafunzi wake walijizoeza kisu juu ya maboga na matango kabla ya kumgusa mtu. Lakini sisi twapenda kukumbusha mafunzo yake juu ya madhumeha, yaani mkojo wa asali. Ndiyo maradhi tuyaitayo kisukari. Na neno sukari lenyewe lilitoka katika Kisanskriti, sharkara, likatufikia kwa njia ya Kiarabu.

Sushruta hakuuchukia utamu. Alihesabu aina 12 za miwa, na alikiri kwamba vitu vitamu huujenga mwili. Alichokionya ni mazoea: kulala mchana, uvivu, kukosa mazoezi, na kupenda vyakula vitamu, vya mafuta na vya kunenepesha. Tena alitenga wagonjwa wa namna mbili. Yuko aliyezaliwa na maradhi, naye huwa mwembamba. Huyu alindwe na alishwe apate nguvu. Na yuko aliyeyapata kwa ulaji wake, naye huwa mnene; huyu apunguze chakula na autumikishe mwili.

Maagizo yake hayakumpendelea mwenye mali. Maskini asiye na jamaa atembee yojana mia, yaani mamia ya maili, bila viatu wala mwavuli, akilala usiku mmoja tu katika kila kijiji. Tajiri naye aache karamu zake, ale nafaka za mwituni kama wacha Mungu. Wengine wachimbe visima.

Ndugu zetu, wengi wetu ni watu wa duka. Twaketi nyuma ya meza tangu asubuhi hadi jioni. Chai ya maziwa na sukari yaja mara nne au tano. Usiku twaitwa arusini kwenye penda, jalebi na ladu. Kisha twashangaa kwamba katika nyumba zetu nyingi yumo mgonjwa wa kisukari, na pengine wawili.

Hatusemi mgonjwa aache dawa ya daktari wake, wala sindano ya insulini. Sushruta mwenyewe hakuwatibu wote kwa njia moja. Twasema prasad ni baraka, na chembe moja mkononi yatosha. Twaomba pia kwamba katika karamu zetu za hekalu matunda yawekwe mbele ya mithai, chai itolewe bila sukari kwa atakaye, na vijana wawachukue wazee wao kutembea kila jioni. Kisima hatuna haja ya kuchimba, lakini miguu tunayo.

Dhanvantari awajalie nyote afya njema na umri mrefu.