Booker T. Washington: Mwalimu aliyeweka saa rehani ili wanafunzi wachome matofali

Wewe uliyemaliza kozi ya ufundi juzi na cheti bado kimelala kwenye bahasha, kaa hapa kidogo nikupe stori ya jamaa aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Booker T. Washington alizaliwa mtumwa huko Virginia, Marekani, karibu mwaka wa 1856. Mamake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba. Uhuru ulipokuja 1865 familia ilihamia Malden, West Virginia, na kijana akaanza kutoa jasho kwenye matanuri ya chumvi, kisha kwenye migodi ya makaa. Huko mgodini ndiko aliposikia watu wawili wakiongea kuhusu Hampton, chuo ambacho mtu mweusi asiye na karo angefanya kazi ili asome.

Mwaka wa 1872 akashika njia. Safari ya kilomita kama 800, mara kwa gari, mara kwa miguu. Pesa zilimwishia Richmond, akawa analala chini ya kibaraza cha mbao kando ya barabara na mchana anapakua chuma melini ili apate chakula. Alipofika Hampton alikaa kama chokora. Mwalimu hakumpa karatasi ya mtihani, alimpa ufagio. Booker alifagia kile chumba mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso kwenye meza na kuta, ikatoka safi. Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu, na akapewa kazi ya usafi chuoni ili ajilipie.

Sasa sikiza jinsi Tuskegee ilivyozaliwa, maana hapa siasa inaingia. Mwaka wa 1880, jimboni Alabama, mgombea mzungu aitwaye W. F. Foster alihitaji kura za watu weusi. Lewis Adams, fundi wa mabati aliyekuwa mtumwa zamani, hakuomba unga wala fulana. Aliomba chuo. Foster akashinda, na jimbo likapitisha dola 2,000 kwa mwaka. Lakini pesa hizo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Ardhi hakuna, majengo hakuna, hata jembe hakuna.

Booker aliitwa aje akiongoze. Alifungua masomo tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30, kwenye kibanda kilichovuja kiasi kwamba mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja alimshikia mwavuli akifundisha. Akakopa dola 250 kwa mweka hazina wa Hampton, akalipia nusu ya bei ya shamba lililochakaa.

Halafu yakaja matofali. Mji ule haukuwa na mtu wa kuyatengeneza, na chuo kilihitaji majengo. Booker akawaingiza wanafunzi kwenye matope. Wengine walichukia sana, wakahepa, kwa sababu walikuja kusoma ili waachane na matope. Tanuri la kwanza likaharibika. La pili pia. La tatu likabomoka. Pesa zikaisha kabisa, akaenda Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi kujaribu tena. Tanuri la nne likakubali.

Wazungu wa mji, wengi wao wasiokipenda chuo hicho, wakaanza kuja kununua. Hawakuja kwa kuwa wamebadilika moyo, tofali lilikuwa zuri. Baadaye wanafunzi wakaunda mikokoteni na magari ya farasi, nayo yakauzwa. Hapo ndipo mimi naona Tuskegee ilianza kuzaa wafanyabiashara. Mwanafunzi hakufanya kazi ya kupewa alama tu, alifanya kazi ambayo mtu baki angeikagua, aigonge kwa kidole, abishanie bei. Chuo nilichoacha mimi kilikuwa na karakana safi tu. Tulitengeneza viti, vikapewa alama, vikarundikwa stoo. Bei ya kiti hakuna aliyetuuliza.

Mwaka wa 1900 Booker alianzisha chama cha wafanyabiashara weusi, National Negro Business League, huko Boston. Usidhani alikuwa malaika. Kwenye mkutano wao wa Chicago mwaka wa 1912, Madam C. J. Walker, mama aliyetoka kufulia watu nguo hadi kumiliki kiwanda cha vipodozi vya nywele, alitaka kuongea na Booker akamchunia. Siku ya mwisho mama akasimama tu mwenyewe, akawaambia alikotoka na alikofika. Mwaka uliofuata aliongea kama mgeni rasmi.

Msomi W. E. B. Du Bois naye alimshambulia waziwazi mwaka wa 1903, akiona kwamba kuwafunza watu ufundi huku ukinyamazia haki zao za kura ni kuwaacha uchi. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Duka lako lina maana gani kama mahakama si yako? Ila baada ya Booker kufariki ilikuja kujulikana kwamba alikuwa akilipia kesi za kupinga ubaguzi kisirisiri.

Alifariki tarehe 14 Novemba 1915. Tuskegee ilikuwa na majengo zaidi ya 100, mengi yakiwa yamejengwa na wanafunzi wenyewe.

Na sisi tunaingilia wapi? Mwaka wa 1907, Anna T. Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni moja kwa shule za weusi vijijini, na Booker akawa kwenye bodi ya mfuko huo. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Kenya ikisifia elimu ya aina ya Hampton na Tuskegee, na 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete. Mkoloni alileta jembe na nyundo, lakini soko akalifungia nje. Mwafrika alifundishwa kilimo bora huku wengi wakikatazwa kupanda kahawa, zao lenyewe lililokuwa na chapaa. Kozi za wenye maduka zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Pale pale leo ni Kenya School of Government, Lower Kabete. Wanaofunzwa hapo zaidi ni wafanyakazi wa serikali.